Slopu na intasepti bila kukariri: mwongozo kwa madogo wa fomu wani na fomu tuu

Mada hii ikifika, madogo wa tuisheni huku Mtwara wananiletea daftari lenye y = mx + c imeandikwa kwa peni nyekundu na kuzungushiwa boksi, ukimuuliza m ni nini anakwambia gradienti, ukimuuliza gradienti ni nini anakwambia m. Basi tumemaliza hapo. Fomula anayo ila hajui inamwambia nini, na mtihani ukibadilisha swali kidogo tu anabaki anatafuna penseli.

Kwahiyo humu tunaanza na hela. Fomula itakuja yenyewe mbele. Chukua karatasi ya grafu, penseli iliyochongwa vizuri (peni weka pembeni, utafuta sana), rula ambayo kingo zake hazijaliwa, alafu twende pamoja. Usisome tu kama unasoma hadithi, andika.

Hatua ya 1: kwenye maelezo tafuta vitu viwili tu

Tuseme mnahama nyumba, mmekodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Dereva anasema hivi: "Kupakia buku kumi, alafu kila kilomita buku na jero." Kabla hujagusa hesabu yoyote jiulize maswali mawili:

Gari likiwa limepakia ila halijatembea hata mita moja, mshadaiwa shingapi? Elfu kumi. Hata mkighairi kuhama hiyo ameshaifanyia kazi.

Na kila kilomita moja ikiongezeka, deni linaongezeka shingapi? 1,500. Ya kwanza 1,500, ya tano 1,500, ya arobaini 1,500, haibadiliki.

Jibu la swali la kwanza ndo intasepti. Jibu la swali la pili ndo slopu, na shuleni mkiambiwa gradienti au mteremko ni hiyohiyo, msichanganyikiwe. Umbali tunauita x, hela ya kulipa tunaiita y, kwahiyo:

y = 1500x + 10000

Ndo hiyo y = mx + c yako yenye boksi jekundu. m imekaa pale palipokaa 1500, c imekaa kwenye 10000. Ukiangalia video za Wamarekani utakuta wameandika y = mx + b, usishtuke, ni herufi tu imebadilika.

Kitu kimoja nasisitiza mpaka wananichoka: kila ukiandika slopu taja na kipimo chake. Hapa ni shilingi *kwa kilomita*. Intasepti ni shilingi peke yake. Ukizoea kutaja kipimo huwezi kuzichanganya hizi mbili hata ukiwa na usingizi, maana moja ina "kwa kila" ndani yake na nyingine haina.

Hatua ya 2: tengeneza jedwali

Hii fupi. Chagua x chache, ingiza kwenye mlinganyo, toa y.

km 0 → 10,000
km 2 → 13,000
km 4 → 16,000
km 6 → 19,000
km 8 → 22,000
km 10 → 25,000

Kutoka Mtwara mjini mpaka Mikindani ni kama kilomita kumi hivi, kwahiyo safari ya Mikindani ni 25,000. Usiache kuweka x = 0 kwenye jedwali, watu wengi wanaanzia 1 sijui kwanini, wakati hiyo sifuri ndo inayokupa intasepti bure bila jasho.

Hatua ya 3: chora, na hapa twende taratibu

Mhimili wa x unalala, mhimili wa y unasimama. Kwenye x weka sentimita 1 iwe kilomita 1. Kwenye y weka sentimita 1 iwe shilingi 2,000. Ukifanya hivyo 10,000 inakaa sentimita 5 juu, 13,000 inakaa sentimita 6 na nusu, 16,000 sentimita 8, mpaka 25,000 ambayo inakaa sentimita 12 na nusu, na karatasi inatosha.

Sasa kuna kosa moja hapa ambalo nimeliona kwa wengi mno. Kuna dada mmoja wa fomu wani aliniletea grafu ya jedwali kama hili, safi kabisa, imepigwa rula, anasema "Ticha mi nimemaliza." Nikaangalia mhimili wake wa y. Amechukua namba za kwenye jedwali akazipanga zilivyo: chini sifuri, sentimita 1 juu yake 10,000, sentimita 1 tena 13,000, sentimita 1 tena 16,000. Yaani sentimita ya kwanza ina thamani ya elfu kumi na zile za juu yake kila moja ina thamani ya elfu tatu. Nikamuuliza, 5,000 iko wapi hapa? Akaweka kidole katikati ya sentimita ya kwanza. Na 11,500? Akaweka katikati ya sentimita ya pili. Akakaa kimya anaangalia, alafu akasema "Ticha, kwani mbona mstari wangu umenyooka?"

Swali zuri sana hilo, na jibu lake ni kwamba ukipanga mhimili kwa kunakili jedwali, *kila* jedwali litakupa mstari ulionyooka. Hata uchukue urefu wa mgomba unavyokua, hata uchukue maji ya bahari yanavyojaa, yote yatanyooka, kwa sababu umeyalazimisha kupanda hatua sawa. Grafu hiyo haikwambii chochote. Kwahiyo sheria: mhimili mmoja skeli moja kuanzia chini mpaka juu, sentimita ya kwanza na sentimita ya kumi ziwe na thamani ileile. Mhimili wa x unaweza kuwa na skeli tofauti na wa y, hiyo haina shida, ila ndani ya mhimili mmoja hapana.

Weka nukta zako kwa alama ndogo ya msalaba, usiweke madoa makubwa kama ya korosho iliyoungua, alafu unganisha kwa rula. Kama nukta moja imekataa kukaa kwenye mstari rudi kwenye jedwali, hesabu yake ina tatizo.

Mstari ukikata mhimili wa y, pale pale ilipo x = 0, soma namba. 10,000. Ndo intasepti, unaiona kwa macho.

Hatua ya 4: pima slopu kutoka kwenye mstari

Tuseme umefutiwa mlinganyo, umebaki na mstari tu. Chagua nukta mbili zozote, bora ziwe mbalimbali kidogo ili kusoma vibaya kwa milimita moja kusikuharibie jibu. Mimi nachukua (2, 13000) na (8, 22000).

Hela imeongezeka: 22,000 − 13,000 = 9,000
Kilomita zimeongezeka: 8 − 2 = 6
Slopu: 9,000 ÷ 6 = 1,500 kwa kilomita

Sasa jaribu na (0, 10000) na (10, 25000). Hela 15,000, kilomita 10, inatoka 1,500 tena. Jaribu nyingine yoyote unayotaka. Hiyo ndo maana ya mstari kunyooka: popote utakapopima mabadiliko ya y ukagawa kwa mabadiliko ya x unapata namba moja.

Mambo mawili yanayoua watu hapa. La kwanza kugeuza, unaweka kilomita juu na hela chini, unapata 6 ÷ 9,000 na unaendelea tu bila wasiwasi. Kipimo kitakuokoa: ungekuwa unasema "kilomita kwa shilingi" wakati dereva alisema shilingi kwa kilomita. La pili ni kuchanganya mpangilio, juu umeanza na nukta ya pili ukatoa ya kwanza, chini umeanza na ya kwanza ukatoa ya pili. Jibu linatoka na hasi ambayo haipo. Ukianza na nukta fulani juu, anza na hiyohiyo chini, uanze na ipi ni hiari yako.

Usipime slopu kwa macho

Hii siiti hatua ila isome. Madogo wawili wamechora mlinganyo mmoja wa kirikuu, mmoja skeli yake ya y ni sentimita 1 kwa 2,000, mwingine sentimita 1 kwa 5,000. Mstari wa kwanza umepanda kwa ukali zaidi, wa pili umelala. Wanabishana nani kapatia. Wote wamepatia! Ukisoma namba kwenye mihimili utapata 1,500 kwa wote. Ukali wa mstari kwenye karatasi unategemea skeli, slopu yenyewe inatoka kwenye namba.

Kuna sehemu moja tu ambapo jicho na namba vinakubaliana, nayo ni pale vipimo na skeli vya pande zote mbili vikiwa sawa, kwa mfano mita kwa mita. Barabara kwa mfano. Ukitoka Newala kushuka kuelekea bonde la Ruvuma unajua mwenyewe breki zinavyolia, na ukiona kibao cha barabarani kimeandikwa 10% maana yake ni slopu ya 0.1, kila ukienda mita 100 kwa mlalo unashuka au unapanda mita 10. Mita kwa mita zinajifuta, inabaki namba tupu.

Hatua ya 5: umepewa nukta mbili tu, hamna intasepti

Hili ndo swali linalopendwa kwenye mitihani, na ndo linalotokea mtaani pia, kwa sababu watu hawakutajii mlinganyo, wanakutajia walicholipa.

Kuna jamaa anapulizia mikorosho salfa ile ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Mjomba wako ana miti 20, kalipa 31,000. Jirani ana miti 50, kalipa 67,000. Nyie mna miti 35, mama anataka kujua aandae shilingi ngapi. Wengi watachukua 31,000 wagawe kwa 20, wapate 1,550 kwa mti, wazidishe kwa 35. Jibu linatoka 54,250 na ni kubwa mno, kwa sababu kwenye ile 31,000 kuna hela ya jamaa kuja na mashine yake ambayo haihusiani na idadi ya miti, we umeigawa kwenye miti alafu ukaizidisha tena.

Njia yenyewe: kwanza slopu. Miti imeongezeka 30 (50 − 20), hela imeongezeka 36,000 (67,000 − 31,000). 36,000 ÷ 30 = 1,200 kwa mti.

Alafu rudi nyuma mpaka miti sifuri. Mjomba ana miti 20, miti peke yake ni 20 × 1,200 = 24,000. Kalipa 31,000. Iliyobaki, 7,000, ndo ya kuja shambani. Intasepti hiyo.

y = 1200x + 7000

Hakiki kwa jirani: 1,200 × 50 = 60,000, jumlisha 7,000, inatoka 67,000. Imekubali. Siku zote hakiki kwa nukta ile ambayo *hukuitumia* kutafuta intasepti, maana ile uliyoitumia itakubali hata kama slopu umeikosea. Sasa mama na miti yake 35: 42,000 + 7,000 = 49,000.

Hatua ya 6: slopu hasi

Watu wa Newala na Tandahimba mnaujua mchezo wa kukinga maji ya mvua na kuyabania. Tanki lina lita 1,000, mvua imekata, nyumba inatumia lita 80 kwa siku.

y = 1000 − 80x

Ukiandika kwa mpangilio wa mx + c ni y = −80x + 1000. Slopu ni −80, lita kwa siku, ile hasi inakwambia tu kwamba y inapungua x ikiongezeka. Mstari unashuka ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa la kawaida ni kusema slopu ni 80 na kuisahau alama. Hiyo ukiikosa umejaza tanki bila mvua.

Hapa kuna intasepti ya pili inayovutia zaidi ya ile ya kwanza: mstari unapokata mhimili wa x. Pale y ni sifuri, yaani tanki limekauka. 80x = 1000, x = 12.5. Siku ya kumi na tatu mchana unafungua koki linatoka hewa. Na baada ya hapo mlinganyo unaendelea kukutolea majibu, siku ya 15 utakwambia lita −200, lakini tanki halijui hasi, kwahiyo mstari wako uishie pale kwenye mhimili.

Slopu sifuri, na ile isiyokuwepo

Fasta fasta. Umelipa kiingilio uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona. Ukitoka dakika ya 10 kwa hasira au ukikaa mpaka dakika ya 90 kiingilio ni kilekile. Chora dakika kwenye x, hela kwenye y, mstari umelala chali. Slopu 0. Mlinganyo unakuwa y = kitu fulani, hamna x.

Mstari uliosimama wima, mfano x = 4, huo hauna slopu. Sio sifuri, *haina*. Ukijaribu kupima, mabadiliko ya x ni 0, na kugawa kwa sifuri hakuna. Hizi mbili zinachanganywa sana, ukisahau chora tu mistari yote miwili hewani kwa kidole upime.

Hatua ya 7: intasepti hasi, au hesabu ya korosho

Tukiwa Kusini hii lazima. Tuseme msimu huu shamba limekula 180,000 za salfa na vibarua kabla hujaokota korosho hata moja. Bei tuseme ni 2,500 kwa kilo baada ya makato yote (namba hizi ni za mfano, bei halisi mnaisikia mnadani). Kinachobaki mkononi:

y = 2500x − 180000

Intasepti ni −180,000. Kilo sifuri, una deni. Mstari unaanzia *chini* ya mhimili wa x, unapanda, unakata mhimili pale 2500x = 180000, yaani x = 72. Kilo 72 za kwanza zote zinarudisha gharama, kuanzia ya 73 ndo unaanza kula. Ukivuna kilo 300: 750,000 − 180,000 = 570,000.

Sasa angalia hapa ndo panapopendeza. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, zinakusanywa ghalani kupitia vyama vya msingi alafu zinapigwa mnada, na bei ya mnada wa wiki hii sio ya wiki ijayo. Mnada ukishuka mpaka 2,000, kipi kimebadilika kwenye mlinganyo wako? Slopu tu. Gharama uliyokwisha kutumia haijui habari za mnada, intasepti inabaki −180,000 palepale. Chora mistari yote miwili kwenye karatasi moja: inaanzia nukta moja chini, alafu inaachana, na kadiri kilo zinavyoongezeka ndo pengo linavyokua. Wa 2,000 unakata mhimili kwenye kilo 90 badala ya 72. Mwenye kilo 100 hiyo shilingi 500 inamgharimu 50,000, mwenye kilo 1,000 inamgharimu 500,000.

Na salfa ikipanda bei je, gharama ikawa 250,000? Slopu haiguswi, mstari mzima unashuka chini sambamba na wa mwanzo. Ukielewa tofauti ya hizi mbili, mstari kubadili mteremko na mstari kuhama, mada umeishika.

Hatua ya 8: mlinganyo uliovaa nguo nyingine

Mtihani hautakuletea y = mx + c imekaa vizuri. Utaletewa 2x + 3y = 12 alafu uambiwe tafuta gradienti, na dogo anaona 2 mbele ya x anaandika 2. Hapana. Kwanza y ibaki peke yake:

3y = −2x + 12
y = −⅔x + 4

Slopu ni −⅔, intasepti ni 4. Unachotakiwa kukumbuka ni kwamba ukihamisha alama inabadilika, na ukigawa unagawa *vyote*, pamoja na ile 12.

Kuchora bila jedwali: weka nukta kwenye (0, 4). Slopu −⅔ inakwambia nenda kulia 3, shuka 2. Unafika (3, 2). Tena kulia 3, shuka 2, unafika (6, 0). Piga rula. Au kama mvivu zaidi, weka x = 0 upate y = 4, weka y = 0 upate x = 6, unganisha. Sekunde ishirini.

Hatua ya 9: mistari miwili, nani nafuu?

Amekuja dereva wa pili wa kirikuu, yeye kupakia elfu tano tu ila kila kilomita buku mbili. y = 2000x + 5000. Wa kwanza alikuwa y = 1500x + 10000. Yupi bei nafuu?

Inategemea mnahamia wapi. Wa pili ana intasepti ndogo ila slopu kubwa, kwahiyo anaanza chini alafu anapanda haraka. Wanakutana wapi:

2000x + 5000 = 1500x + 10000
500x = 5000
x = 10

Kilomita kumi, wote 25,000. Ukihamia Mikindani chagua mwenye gari zuri. Ukihama kutoka Chikongola kwenda Shangani mchukue wa pili, kilomita 3 kwake ni 11,000, kwa wa kwanza 14,500. Ukihamia Lindi mjini, ambako ni kilomita mia na ushee ila tuseme 100 hesabu iwe nyepesi, wa kwanza ni 160,000 na wa pili 205,000. Safari fupi intasepti ndo inaamua, safari ndefu slopu ndo inaamua. Hata vifurushi na mikopo angalia hivyohivyo, mtu akikwambia "kuanza bure kabisa" muulize na ile "kwa kila" ni shingapi.

Sio kila kitu ni mstari

Kabla hujalazimisha y = mx + c angalia jedwali: x zikipanda hatua sawa, je y nazo zinapanda hatua sawa? Kwa kirikuu kila kilomita 2 ilikuwa 3,000, 3,000, 3,000. Sawa, mstari.

Bahari hapana. Mtoto wa Msangamkuu au Mikindani anajua maji yakianza kujaa yanaanza taratibu, katikati yanakimbia, yakikaribia kujaa yanapoa tena. Hatua hazilingani, hiyo ni mkunjo, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkunjo unakuwa mkubwa kuliko siku za maji mafu.

Luku nayo, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa nyumba zilizo kwenye tarifu ya matumizi madogo, uniti zina bei moja mpaka 75 kwa mwezi, ukizidi hapo kila uniti ni ghali zaidi. Ukichora unapata vipande viwili, cha kwanza kimelala kidogo, kwenye 75 kinavunjika na kupanda kwa ukali. Kila kipande kina slopu yake.

Jipime

Funika majibu kwa kiganja.

1. Bajaji imekuchaji 2,700 kwa kilomita 3 na 4,300 kwa kilomita 7. Tafuta mlinganyo.
2. Mstari unapita (2, 7) na (5, 1). Slopu? Intasepti?
3. 4x − 2y = 10. Slopu na intasepti.
4. Tanki la lita 500 tupu linajazwa lita 20 kwa dakika. Wakati huohuo koki imeachwa wazi inatoa lita 4 kwa dakika. Litajaa baada ya dakika ngapi?

Majibu:

1. Hela 1,600 kwa kilomita 4, slopu 400. Kilomita 3 ni 1,200, imebaki 1,500. y = 400x + 1500. Hakiki kwa 7: 2,800 + 1,500 = 4,300.
2. (1 − 7) ÷ (5 − 2) = −2. Ukirudi kutoka x = 2 mpaka 0, y inapanda 4, kwahiyo intasepti ni 11. Ukipata 3 umerudi nyuma huku unashuka, slopu hasi ukirudi nyuma *unapanda*.
3. −2y = −4x + 10, y = 2x − 5. Slopu 2, intasepti −5. Ukipata +5 hujaigawa 10 kwa −2, umeigawa kwa 2.
4. Slopu ni 20 − 4 = 16, intasepti 0, y = 16x. 500 ÷ 16 = 31.25, yaani dakika 31 na sekunde 15. Au kafunge koki kwanza, zinakuwa dakika 25.